Kuirudisha Ndege ya Mwalimu

Mume wangu amenifundisha mambo mawili kwa kelele: baiskeli na ndege. Baiskeli ilikuwa mwaka ule tuliooana, kwenye barabara ya vumbi hapa Chonyonyo, yeye akikimbia nyuma ameshikilia kiti na mimi nikipiga yowe, mpaka majirani wakachomoza migombani wakidhani bwana harusi ameanza kupiga mke mapema. Ndege ilikuja uzeeni, nimeshakuwa bibi wa wajukuu, na safari hii aliyepiga kelele alikuwa yeye.

Nikisema ndege usinicheke. Si ya kupanda. Ni ile ndogo ya kurusha kwa rimoti, mabawa yake upana wa mtu aliyenyoosha mikono, na puani ina pangaboi inayozungushwa na mota ya betri. Usiidharau hata hivyo. Imenigombanisha na mume kuliko mama mkwe alivyoweza, Mungu amrehemu.

Mwalimu Lameck, hivyo ndivyo ninavyomwita na ndivyo anavyoitwa na kila mtu hapa, alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu. Leo haoni. Akikaa uani asubuhi anajua jua limefika wapi kwa joto la shavu, na akisikia hatua zangu anajua kama nimeamka vizuri au vibaya. Mimi naongea naye, namkatia embe, namsomea Zaburi. Tumezoea. Lakini ule wakati alipokuwa bado anaona kidogo, nikiukumbuka, moyo unafurahi na kuuma kwa pamoja. Ndio ninaotaka kuusimulia.

Ndege alizipenda tangu utoto. Alizitengeneza kwa mabua ya mahindi, akazirusha kutoka juu ya kichuguu, akachapwa kwa kuacha mbuzi waingie kwenye maharage ya watu. Alipokuja kunioa, ndugu zangu wafugaji walisema naenda kwa mtu anayekula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Ndugu zake walisema wanaletewa mwanamke asiyejua kupalilia kibanja cha migomba. Pande zote mbili zilisema kweli, na bado tulioana.

Alipostaafu, wenzake walifuga kuku au wakafungua maduka. Yeye alikaa akisubiri Krismasi, maana Renatha, binti yetu anayefanya kazi Mwanza, alikuwa amemwahidi mota, betri na rimoti. Mwili wa ndege aliutengeneza mwenyewe kwa yale mabamba meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la televisheni mpya, yale yanayolia vibaya ukiyakata. Aliyakatia kwenye meza yangu ya jikoni. Mwezi mzima tulikula ndizi zenye punje nyeupe, na nikilalamika ananiambia hazina sumu.

Akaikamilisha, akaipaka rangi nyekundu kwenye ncha za mabawa, akajifundisha kuirusha kwa kutazama video kwenye simu. Na aliweza. Tukawa tunakwenda kwa mdogo wangu Ahabwe, upande wa Nyakasimbi, pale migomba inapokoma na rweya kuanza, majani matupu mpaka macho yachoke. Ahabwe anafuga ng'ombe huko kama baba yetu alivyofuga. Mwalimu alisimama katikati ya majani, na ndege ikazunguka juu yake kwa mlio mwembamba wa nyuki.

Halafu ikaanza kupotea. Mchana kweupe, hakuna wingu, ndege iko palepale mimi naiona, yeye anauliza, "Iko wapi?"

"Hapo, kushoto."

"Kushoto wapi?"

Mara ya kwanza iliangukia kichakani. Mara ya pili ilikita kwenye kichuguu. Nikamwambia amezeeka, akaniambia jua lilikuwa kali. Mara ya tatu alikaa chini kwenye majani, akafumba jicho moja, kisha jingine, akiutazama mkono wake mwenyewe. Kesho yake tulikwenda hospitali.

Daktari alisema ni presha ya macho. Ugonjwa ulikuwa umekula pembeni zote kimyakimya, umebakiza katikati tu. Akitazama mbele aliweza kuona sisimizi ukutani, lakini mtu akipita kando yake hamwoni mpaka wagongane. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, isingerudisha kilichokwenda, na tundu lililobaki lingeendelea kuziba. Tukiwa njiani kurudi alinieleza anavyoona: kama kutazama kupitia mrija wa kunywea pombe ya ndizi. Nikamuuliza yeye mzee wa kanisa la Kilutheri mrija huo aliujulia wapi. Alicheka sana, nami nikacheka.

Ilipita kama wiki. Jioni moja namenya ndizi, akaniambia, "Mama Renatha, mimi ndege yangu sijawahi kuiona."

"Umeitengeneza mwenyewe, kwenye meza yangu."

"Ikiruka. Sijawahi kuiona ikiruka. Anayerusha hatazami ndege, anatazama isianguke. Nataka nisimame tu, mikono mfukoni, niitazame kama watu wengine wanavyotazama. Mara moja, kabla hiki kitundu hakijaziba. Utairusha wewe."

Nilimwambia amechanganyikiwa. Nilimwambia amwite Renatha. Akasema Renatha hana likizo mpaka mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka ni mbali. Hapo nikaweka kisu chini. Mwalimu si mtu wa kuombaomba. Tangu nimjue hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari.

Basi nikawa mwanafunzi. Somo la kwanza lilikuwa mezani, rimoti mbele yangu, kijiko ndicho ndege. Rimoti ina vijiti viwili vya kushika kwa vidole gumba. Cha kushoto ni nguvu ya mota. Cha kulia ndicho usukani: ukikielekeza upande, ndege inalala upande huo na kukata kona, ukikivuta kwako, pua inainuka, ukikisukuma mbele, pua inashuka. Alinihoji kama yuko darasani. Nikikosea anagonga meza. Nikamwambia akigonga tena, kijiko hicho kitamwingia puani.

Tukahamia rweya. Ahabwe alikuwa ndiye anayeitupa ndege hewani, kwa kuikimbiza hatua chache na kuiachia. Siku nilipoipokea kwa mara ya kwanza, nikaiona inapanda na mimi ndiye ninayeipandisha, nilipiga kigelegele kilichowashtua ndama. Sikujua furaha hiyo ipo. Ndege ikienda mbali nami nilikuwa hodari. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia, kama baiskeli. Ikikata mbele yangu kutoka upande mmoja hadi mwingine, vizuri pia. Nikaitua majanini ikiwa nzima, nikamgeukia Mwalimu kwa majivuno yote.

"Umeiona?"

Alikuwa anazungusha kichwa huku na huku kama kuku aliyesikia mwewe. "Nimeisikia," akasema.

Tulirudia. Ikapita kushoto, ikapita kulia, juu, chini. Kila alipoikamata kwenye kitundu chake ilikuwa imeshatoka. Alipojaribu kuifuata shingo ilimchelewesha. Mwisho alisimama wima akasema, "Haifai kupita. Ilete kwangu. Itoke mbali ije moja kwa moja usoni pangu. Hapo itakaa katikati."

Na kumbe hicho ndicho kitu kimoja nisichoweza.

Ndege ikikujia, kila kitu kinageuka. Kulia kwake ni kushoto kwako. Hilo peke yake linatosha kumchanganya mtu. Lakini langu lilikuwa baya zaidi, na naapa hakuna aliyekulia migombani angekosea kama mimi; huyo angetupa rimoti akakimbia. Mtoto wa wafugaji akijiwa na kitu chenye kasi kutoka mbele hakimbii. Dume likikujia unasimama, unanyoosha fimbo mbele, juu, likuone una kitu mkononi, litapunguza mwendo. Tulifundishwa hivyo kabla hatujafundishwa kuhesabu. Basi ndege inanijia, inakua, inalia, na kabla sijafikiri kidole gumba kimeshasukuma kijiti mbele kwa nguvu zote. Na ndege, tofauti na dume, ilitii: pua chini, ardhini, pwaa.

Nilifanya hivyo mara ya kwanza tukacheka. Mara ya pili Ahabwe peke yake alicheka. Nikaendelea kuivunja kila tulipokwenda. Mwalimu aliunganisha pua kwa gundi na vijiti vya mishikaki, anapapasa kwa vidole kwa sababu macho yalimwonyesha kipande kimoja kimoja tu. Ilikuwa imejaa makovu kama bondia. Na wakati mimi navunja na yeye anaunga, kitundu kilikuwa kinaziba. Nilianza kumwona anautafuta mkono wa kikombe. Nilimwona kanisani anashika kitabu cha nyimbo, anasoma neno, analitafuta linalofuata, na wenzake wameshafika kwenye kiitikio. Usiku nililala namlaani kila aliyebuni presha.

Siku tuliyogombana ilikuwa jioni ya upepo kidogo, na Ahabwe alishaturushia ndege akarudi bomani. Niliikita ndege mbele ya miguu yake. Bawa likakatika.

"Kulia kwake ni kushoto kwako!" alifoka. "Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, wakaelewa umeme, wakaelewa mwanga, wewe mtu mmoja kulia na kushoto vinakushinda! Huko rweya mlikuwa mnachunga nini, mawe?"

Angenitukana mimi ningemjibu tukaishia hapo. Lakini alimgusa baba yangu. Niliweka rimoti majanini, tena taratibu, nikamwambia, "Basi irushe mwenyewe, Mwalimu, si unaona." Nikaondoka. Nilijua nimemchoma na nilitaka nimchome. Nikamwacha ameketi na vipande vyake, nikapanda kuelekea bomani kwa Ahabwe.

Ahabwe aliniona uso akaamua kutouliza. Ni mdogo wangu, ananijua. Akasema tu, "Dada, mke wangu amekwenda Nyabiyonza kwenye msiba na ng'ombe ndio hao wanakuja. Nisimamie mlangoni, mimi nizuie ndama."

Sikuwa nimesimama mlangoni mwa zizi tangu nilipoolewa. Nilichomoa fimbo kwenye uzio, nikasimama pale mtoto anaposimama, ubavuni mwa mlango. Ng'ombe wakatokea kwenye mteremko, pembe kwanza, vumbi nyuma yao, wananijia. Harufu ikanifikia kabla yao, harufu ya majani na maziwa na moshi wa samadi, nikawa na miaka kumi. Nikamsikia baba kabisa, sauti yake ya kukwaruza: *anayerudi nyumbani hainuliwi fimbo.* Ukimwinulia fimbo ng'ombe anayerudi atadhani amefukuzwa, atageuka, na kundi zima litamfuata. Fimbo unaishika chini, umetulia. Ukimwona anaelemea upande, unaipeleka upande huohuo kumfungia njia. Basi. Mengine anajua mwenyewe, kwao ni ndani.

Gaju, ng'ombe mmoja wa kahawia, akaelemea kushoto kwangu. Fimbo ikaenda kushoto. Akanyooka, akaingia. Aliyemfuata akaelemea kulia. Fimbo ikaenda kulia. Akaingia. Wakapita wote hivyo, matumbo yakinigusa, na mkono wangu haukuniuliza hata mara moja kulia kwa ng'ombe ni wapi.

Nilipotambua nilichokuwa nafanya nilianza kucheka, kisha nikalia, kisha vyote. Ahabwe alikuja na kata ya maziwa akidhani nimepagawa.

"Shemeji yuko wapi?" aliuliza.

"Nimemwacha kule majanini."

"Peke yake? Giza hili?"

Nilikimbia. Alikuwa palepale, amekusanya vipande vyote kwenye mapaja, hakuthubutu kutembea kwa sababu jioni kitundu chake hakikumfaa kitu. Aliposikia hatua zangu akasema, "Nilijua utarudi."

"Hukujua."

"Sikujua," akakiri. Akanyoosha mkono, nikaushika. Alisema baba yangu alikuwa mtu mkubwa na yeye amesema ujinga. Nikamwambia ni kweli, ni ujinga. Kisha nikamwambia, "Iunge ndege yako. Na siku ya kurusha usinifundishe. Nikisikia neno kulia au kushoto mdomoni mwako naivunja makusudi."

Tulilala kwa Ahabwe siku kadhaa, tukisubiri gundi ikauke na upepo utulie. Asubuhi tuliyokwenda umande ulikuwa bado majanini na hewa imesimama. Ahabwe alimshika Mwalimu mabega, hatua chache kutoka niliposimama, akamwelekeza kule ndege itakakotokea, kisha akaja akairusha. Nikaipokea. Nikaipeleka mbali, mbali kuliko nilivyowahi, mpaka ikawa mbu. Nilijua ikivunjika leo, muda wa kuiunga tena macho ya Mwalimu hayana.

Nikaikatisha kona. Ikageuka, ikaanza kurudi.

Bawa la upande wa kushoto kwangu likashuka. Kidole kikaenda kushoto, polepole, kulifungia njia. Likainuka. La kulia likashuka. Kidole kikaenda kulia. Likainuka. Ilikuwa inakua. Mwili wangu wote ulitaka kuinua fimbo, nikajiambia kwa sauti, kwa Kinyambo cha kwetu, kwamba huyu anarudi nyumbani, mwache aje. Ahabwe aliyesimama karibu akaitikia kwa ule mluzi wa chinichini wa kuita ng'ombe jioni, nadhani hata hakujua anafanya hivyo.

"Ipo," alisema Mwalimu.

Sikumtazama, nisingeweza.

"Ipo katikati. Haitoki." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Pangaboi naiona inang'aa. Nyekundu naiona. Eseri, naiona yote!" Jina langu hilo hakuwa amelitumia tangu Renatha azaliwe. Kisha, ikiwa karibu kabisa, akapiga kelele, "Bawa moja limepinda! Nimeligandisha limepinda, aibu gani hii!"

"Nyamaza utazame!" nikamfokea, na ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, upepo wake ukatugusa.

Akasema, "Tena."

Nikaizungusha, nikaipeleka mbali, nikairudisha. Akasema tena. Nikairudisha. Kila mara ilipokuja aliniambia anachokiona, rangi iliyobabuka, kovu la pua, kivuli cha bawa kwenye majani, mpaka nikawa naiona kwa macho yake kuliko yangu. Nilikuwa na furaha iliyoniuma kifuani.

Rimoti ikaanza kulia pii pii, betri inakwisha. Nikasema, "Hii ya mwisho, Mwalimu, kaza macho," nikaikatisha kona kwa mara ya mwisho, ikaanza kuja, nzuri kuliko zote, imenyooka kama imepimwa kwa uzi. Nikamsubiri aseme ipo. Hakusema kitu.

"Inakuja, unaiona?"

Ndege ikazidi kukua.

"Mwalimu, inakuja! Umeipoteza?"

"Sijaipoteza," alisema, na sauti ilitokea karibu, ubavuni pangu, mahali ambapo haikupaswa kuwa. "Ndege nimeshaiona. Sasa nakutazama wewe."

"Ndege iko kule!" nilimkaripia. "Betri inakwisha, mwanamume wewe, tazama kule!"

"Najua iko wapi. Endelea tu. Kaa hivyohivyo."

Bawa lilishuka, nikalifungia njia. Nilitaka kugeuka. Nilitaka kumpa uso wangu mzima, nivue kitambaa, nifute vumbi, nimpe hata tabasamu la kubaki nalo. Lakini ndege ilikuwa hewani mikononi mwangu, aliyoiunga mara zote hizo kwa kupapasa, na ningegeuka ingeanguka. Basi sikugeuka. Nilisimama hivyohivyo, macho juu, mdomo wazi, machozi yananishuka mpaka shingoni, nikamwacha anitazame mpaka alipotosheka.